Hesabu ya Mlangoni na Hesabu ya Nyumbani

Methali isemayo "chema chajiuza, kibaya chajitembeza" hupendwa sana na wafanya biashara, na sisi walimu huifundisha kana kwamba ni kanuni ya maumbile, mfano wa maji kufuata mteremko. Sikatai utamu wake. Walakini historia ya biashara ya sinema ina kisa kimoja kinachoitia methali hiyo taabuni. Ni kisa cha filamu ya Marekani iitwayo The Shawshank Redemption, iliyotolewa mwaka 1994. Ilikuwa filamu njema, na wengi wa walioiona siku zile za kwanza walikiri hivyo. Lakini ilipotandazwa sokoni haikujiuza. Watu waliipita wakaenda kununua tikiti za filamu nyingine, na wenye mtaji wakaandika hasara katika daftari zao. Kisha, bila ya kubadilishwa hata neno moja, filamu ile ile ikawa kipenzi cha mamilioni ya watu majumbani mwao. Nataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, maana halikuwa muujiza. Lilitokea kwa njia zinazoweza kufuatwa na kuhesabiwa.

Kwanza yafaa tuelewane juu ya neno mapato. Mtu akisikia kwamba filamu imepata dola milioni 20, hudhani kwamba aliyeitengeneza ametia kibindoni dola milioni 20. Sivyo. Fedha hiyo ni jumla ya tikiti zote zilizouzwa milangoni mwa majumba ya sinema. Mwenye jumba hukata fungu lake kwanza, ambalo aghalabu hukaribia nusu. Msambazaji naye ana ujira wake. Matangazo ya magazetini na ya televisheni yana gharama zake, na nakala za filamu za kupelekwa katika kila mji zina gharama zake. Yanayosalia baada ya hayo ndiyo yanayokwenda kurudisha mtaji. Kwa hiyo filamu iliyogharimu dola milioni 25, ikipata dola milioni 25 mlangoni, haijajilipa. Ingali mbali na kujilipa, na faida haijaonekana hata kwa mbali. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Katika biashara hii hata mali yenye daftari hupotea, endapo msomaji wa daftari hajui kulisoma.

Mwandishi na mwongozaji wa filamu hii ni Frank Darabont. Alizaliwa mwaka 1959 katika kambi ya wakimbizi huko Montbéliard, nchini Ufaransa, kwa wazazi wa Hungaria walioikimbia nchi yao baada ya maasi ya mwaka 1956 kuzimwa. Angali mtoto mchanga walihamia Marekani. Alipokuwa kijana alifanya kazi ndogo ndogo katika uwanja wa sinema, kama vile kupanga samani na vyombo mahali pa kupigia picha. Wakati huo mwandishi mashuhuri wa riwaya, Stephen King, alikuwa na desturi ya kuwapa vijana wanaojifunza ruhusa ya kutengeneza filamu ndogo kutokana na hadithi zake fupi kwa ada ya dola moja tu. Darabont alikuwa mmoja wa waliopata ruhusa hiyo, na filamu yake fupi ilitoka mwaka 1983. King aliipenda.

Mwaka 1987 kijana huyo alirudi akiomba hadithi nyingine, ndefu zaidi, kutoka katika kitabu cha King kiitwacho Different Seasons kilichochapishwa mwaka 1982. Hadithi yenyewe iliitwa Rita Hayworth and Shawshank Redemption. Alilipa dola 5,000 kwa hundi. King hakuipeleka hundi hiyo benki. Miaka mingi baadaye aliitia katika fremu akamrudishia Darabont pamoja na maneno ya mzaha, kwamba imfae kwa dhamana siku atakapokamatwa. Nimelitaja jambo hili kwa sababu hiyo ndiyo fedha ya kwanza katika kisa chetu, na ilikuwa fedha isiyopata kuhesabiwa katika benki yoyote.

Darabont alikaa miaka kadhaa kabla ya kuandika mswada wa filamu, kisha akauandika kwa majuma manane. Aliupeleka kwa kampuni ya Castle Rock Entertainment, ambayo mmoja wa waanzilishi wake, Rob Reiner, alikuwa amekwisha kufanya filamu ya Stand by Me mwaka 1986 kutokana na hadithi nyingine ya kitabu kile kile. Hata jina la kampuni lilikuwa jina la mji wa kubuni uliomo katika vitabu vya King. Reiner aliupenda mswada mno hata akataka kuiongoza filamu yeye mwenyewe, na Darabont akaahidiwa dola milioni 2.5 ili auachie. Msomaji na afikiri: mtoto wa wakimbizi, ambaye jina lake halikuwa likijulikana, anawekewa mezani fedha ya kumtosha maisha yake yote, asifanye kitu ila kukaa kando. Alikataa. Alitaka kuongoza kazi yake mwenyewe, akakubali ujira mdogo kuliko huo na fungu la faida, kama faida itapatikana. Kampuni ilimpa mtaji wa kiasi cha dola milioni 25.

Hadithi ya filamu ni ya uhalifu na kifungo. Andy Dufresne, mkuu katika benki moja ya jimbo la Maine, anahukumiwa mwaka 1947 kwa kumwua mkewe na mwanamume aliyekuwa hawara wa mkewe, ingawa mwenyewe asema hakuua. Anafungwa maisha katika jela ya Shawshank. Huko anapata rafiki, mfungwa wa siku nyingi aitwaye Red, na ujuzi wake wa hesabu unamfikisha mahali pa hatari: mkuu wa jela anamtumia kuficha rushwa katika vitabu vya hesabu. Tim Robbins alicheza kama Andy, na Morgan Freeman kama Red. Mwisho wake sitauandika hapa. Nasema tu kwamba filamu hii, ambayo hesabu zake zenyewe zilisumbua sana wenyewe, ina mtunza hesabu katikati yake.

Picha zilipigwa katika kiangazi cha mwaka 1993 katika mji wa Mansfield, jimbo la Ohio, ndani ya jela ya kale ya mawe ambayo ilifungwa mwishoni mwa mwaka 1990. Jela hiyo tutairudia.

Filamu ilifunguliwa tarehe 23 Septemba 1994, kwanza katika majumba 33 tu ya miji mikubwa. Hiyo ni desturi ya wasambazaji: hutoa filamu mahali pachache ili sifa zake zitangulie, kama harufu ya wali wa nazi itangulianavyo na sinia. Usiku wa kwanza Darabont na Liz Glotzer, aliyekuwa mmoja wa watayarishaji wa kampuni ile, walikwenda kulitazama jumba kubwa la Cinerama Dome mjini Los Angeles, waone watu wanavyoipokea kazi yao. Walikuta viti vitupu. Glotzer alisimulia baadaye kwamba walisimama nje wakawashawishi wapita njia, wakafaulu kuuza tikiti mbili kwa ahadi kwamba wasipoipenda filamu, kampuni itawarudishia fedha zao. Watu hao wawili hawakutajwa majina yao popote. Lakini hapo ndipo chema kilipojitembeza kwa miguu yake kandokando ya barabara.

Hata hivyo mwisho wa juma la kwanza haukuwa mbaya kwa hesabu. Majumba 33 yalileta kiasi cha dola 727,000, yaani takribani dola 22,000 kwa kila jumba. Kama ningalikuwa karani wa kampuni hiyo ningalifurahi. Tarehe 14 Oktoba wakaipeleka katika majumba 944 nchini kote, wakitumaini mavuno ya jinsi hiyo hiyo. Mwisho wa juma hilo ulileta dola milioni 2.4. Zigawe kwa 944, nawe utaona kwamba kila jumba lilipata dola 2,500 na kidogo tu. Kutoka 22,000 hadi 2,500! Filamu ilishika nafasi ya tisa. Mbele yake, katika nafasi ya nane, ilikuwako filamu ya mzaha iitwayo Exit to Eden, ambayo leo wachache wanaikumbuka.

Siku hiyo hiyo ya 14 Oktoba ilifunguliwa filamu nyingine ya uhalifu, Pulp Fiction ya Quentin Tarantino, ambayo mwezi wa Mei ilikuwa imetwaa tuzo kuu katika tamasha la Cannes. Nayo iligharimu kiasi cha dola milioni 8 tu, chini ya theluthi ya gharama ya Shawshank. Mwisho wa juma lake la kwanza ulileta zaidi ya dola milioni 9, na hatimaye ikavuka dola milioni 100 katika Marekani peke yake. Aidha Forrest Gump, iliyotoka mwezi wa Julai, ilikuwa ingali ikijaza majumba. Katikati ya hizo mbili Shawshank ilikuwa kama mnong'ono kati ya ngoma mbili. Ilipofika mwisho wa Novemba, baada ya majuma kumi, iliondolewa ikiwa imekusanya dola milioni 16 hivi. Kwa mtaji wa dola milioni 25 hiyo ilikuwa hasara isiyofichika.

Kwa nini? Waliohusika wametoa sababu nyingi, na si zote zenye uzito sawa. Ilisemwa kwamba filamu za jela hazipendwi. Kwamba hapakuwa na mwanamke katika sehemu yoyote kubwa. Kwamba gazeti moja la Los Angeles liliandika maneno baridi juu yake. Hizi naziona kuwa sababu za kujipoza, kwa kuwa filamu za jela zilipata kufanikiwa kabla yake, na gazeti moja haliwezi kuufunga mlango wa nchi nzima. Urefu wake ni sababu yenye nguvu zaidi. Filamu ya dakika 142 haiwezi kuonyeshwa mara nyingi kwa siku kama ile ya dakika 95, na kila onyesho linalopotea ni safu za viti zisizouzwa. Lakini sababu niiaminiyo kuliko zote ni ile aliyoitaja Morgan Freeman mara nyingi: jina. Watu walitoka wakiipenda, wakataka kuwaambia jirani zao, na ulimi ukakwama. Shawshank ni neno la kubuni. Redemption ni neno la kanisani, lenye maana ya ukombozi. Ukiyaunganisha, mtu asiyeiona filamu hajui kama ni ya vita, ya dini au ya mchezo wa farasi. Tangazo kubwa kuliko yote katika biashara ya sinema ni kinywa cha aliyeiona, na kinywa hicho kilipewa mfupa.

Mwezi wa Februari 1995 yalitangazwa majina ya wanaogombea Tuzo za Oscar, na filamu hii iliyokwisha kuzikwa ikatajwa mara saba: filamu bora, mchezaji bora kwa Freeman, mswada, upigaji picha, uhariri, sauti na muziki. Wasambazaji wakairudisha katika majumba kwa majuma machache, ikaleta dola nyingine milioni 12. Jumla ikawa dola milioni 28.3 katika Marekani na Kanada. Bei ya tikiti wakati huo ilikuwa kama dola 4, kwa hiyo tukikadiria ni tikiti milioni 7 tu, katika nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 250. Usiku wa tarehe 27 Machi tuzo ziligawiwa. Shawshank haikupata hata moja, na Forrest Gump ikatwaa tuzo ya filamu bora.

Hapo ndipo hesabu ya mlangoni ilipokoma. Hesabu ya nyumbani ilikuwa haijaanza.

Ili kuifahamu hii ya pili hatuna budi kurudi nyuma miaka 20. Mwaka 1975 kampuni ya Sony ya Ujapani ilitoa mashine ya Betamax, yenye uwezo wa kunasa picha za televisheni katika kanda ili mtu azitazame apendapo. Mwaka uliofuata kampuni ya JVC, ya Ujapani vilevile, ikatoa mashine ya VHS. Wenye sinema wa Marekani waliingiwa na hofu. Universal na Disney wakaishtaki Sony mwaka 1976, wakidai kwamba mashine hiyo ni chombo cha wizi. Mwaka 1982 Jack Valenti, mkuu wa chama cha watengenezaji wa filamu, alikwenda mbele ya kamati ya bunge la Marekani akaifananisha mashine ya video na mwuaji anayemnyemelea mwanamke aliye peke yake nyumbani. Kesi ilipanda ngazi zote za mahakama mpaka ya juu kabisa, na tarehe 17 Januari 1984 majaji wakaamua, watano kwa wanne, kwamba mtu kunasa kipindi nyumbani kwake ili akitazame baadaye si kosa. Laiti jaji mmoja tu angalikwenda upande wa pili, biashara hiyo ingalifuata njia nyingine kabisa. Kabla ya muongo huo kwisha, wenye sinema wa Marekani walikuwa wakipata fedha nyingi zaidi kutoka katika kanda za video kuliko kutoka katika milango ya majumba. Mwuaji aligeuka kuwa mlishaji.

Biashara ya kanda ilikuwa na utaratibu wake. Kanda ya filamu mpya haikukusudiwa kununuliwa na mtu wa kawaida. Iliuzwa kwa maduka ya kukodisha kwa bei kubwa, mara nyingi zaidi ya dola 60 kwa kanda moja, na duka likaikodisha kwa dola mbili au tatu kwa usiku. Sheria ya Marekani ilimruhusu aliyekwisha kuinunua kanda kuikodisha mara nyingi apendavyo, bila ya kumlipa mwenye filamu tena. Basi mapato ya mwenye filamu yalitegemea jambo moja: maduka yamenunua kanda ngapi. Na maduka yalinunuaje? Yalitazama mapato ya mlangoni. Filamu iliyojaza majumba ilinunuliwa kwa wingi, nayo iliyoanguka ilinunuliwa nakala moja moja, ikawekwa rafu ya chini pamoja na vumbi. Hivyo hukumu ya mlangoni iliifuata filamu mpaka nyumbani, kama kivuli kimfuatavyo mtu.

Kwa kawaida hayo ndiyo yangaliipata Shawshank. Lakini mwaka 1995 kampuni ya Warner Home Video ilifanya jambo ambalo wakati huo lilihesabiwa kuwa la kujihatarisha: ilitawanya kanda 320,000 katika maduka ya Marekani. Hesabu hiyo haikulingana hata kidogo na filamu iliyoangukia dola milioni 16. Tukichukua bei ya dola 60 tu kwa kanda, kwa kukadiria, tutapata dola milioni 19, yaani fedha zaidi ya zile zilizopatikana mlangoni katika majuma kumi ya kwanza. Ikiwa kanda hizo zingalikaa rafuni, maduka yangalilalamika na wakubwa wa Warner wangaliulizwa maswali magumu. Hazikukaa. Mwisho wa mwaka filamu ilikuwa miongoni mwa zile zilizokodishwa sana nchini kote.

Napenda kukaa kidogo juu ya jambo hili, maana hapa ndipo methali yetu inapopata jibu lake. Filamu haikuwa imebadilika. Kilichobadilika ni mahali na namna ya kukutana nayo. Mtu aliyekuwa akienda sinema Ijumaa usiku na mkewe, akilipa tikiti mbili, nauli na chakula, hakutaka kuthubutu kuingia filamu ya jela yenye jina gumu. Mtu yule yule akisimama mbele ya rafu Jumamosi mchana, akikuta filamu mpya zote zimekwisha kukodishwa isipokuwa hii, akiona kwenye jalada kwamba iligombea tuzo saba, alijiambia kwamba dola tatu si kitu. Nyumbani urefu wa dakika 142 haukumwudhi, kwa kuwa angeweza kuisimamisha anywe chai. Na jina halikuwa mfupa tena, maana hakuhitaji kulitamka. Alimpa jirani kanda mkononi. Chema kilijiuza, naam, lakini baada ya mtu fulani kukifikisha rafuni, tena kwa wingi.

Kisha ikaja televisheni. Mwishoni mwa mwaka 1993 shirika la Ted Turner lilikuwa limeinunua kampuni ya Castle Rock, na kwa njia hiyo stesheni yake ya TNT ikapata haki ya kuionyesha filamu tangu mwezi wa Juni 1997. Hapa msomaji aangalie jambo la ajabu. Ada ambayo stesheni hulipa kwa filamu hupimwa kwa kutazama mapato yake ya mlangoni. Filamu iliyofaulu ni ghali. Filamu iliyoanguka ni rahisi. Kwa kuwa Shawshank ilianguka, ilikuwa rahisi. Kwa kuwa ilikuwa rahisi, ilionyeshwa mara kwa mara. Kwa kuwa ilionyeshwa mara kwa mara, watu waliizoea wakaipenda. Na kwa kuwa waliipenda, wenye matangazo walilipa bei kubwa ya kuwekwa katikati yake. Ile ile hasara ya mwaka 1994 ndiyo iliyokuwa mbegu ya faida hiyo. Mwaka 2013 peke yake filamu ilichukua saa 151 katika stesheni za Marekani, ambazo ni zaidi ya siku sita, mchana na usiku bila kupumzika.

Mwaka 2014, filamu ilipotimiza miaka 20, gazeti la The Wall Street Journal lilichungua daftari hizo. Lilikadiria kwamba mlangoni, kwa kanda na diski, na kwa televisheni, filamu ilikuwa imempatia mwenye mali kiasi cha dola milioni 100. Mkuu mmoja wa Warner Home Video alisema kwamba mauzo ya nyumbani peke yake yalileta kiasi cha dola milioni 80. Weka kando ya hizo zile dola milioni 28.3 za mlangoni, ukikumbuka kwamba za mlangoni zilikwisha kukatwa fungu la wenye majumba kabla ya kumfikia mwenyewe. Mapato hayakuishia kwa wakubwa. Bob Gunton, aliyecheza kama mkuu wa jela, alisema kwamba miaka kumi baada ya filamu kutoka alikuwa angali akipokea fedha nyingi kila mwaka, kwa kuwa mkataba wa wachezaji huwapa kitu filamu inaporudiwa katika televisheni.

Sifa nazo zilifuata. Mwaka 2008, katika orodha ya mtandao wa IMDb inayopangwa kwa kura za watazamaji, Shawshank ilipanda nafasi ya kwanza na kuipita The Godfather. Mwaka 2015 maktaba kuu ya bunge la Marekani iliiingiza katika hazina ya filamu zitakazohifadhiwa kwa faida ya vizazi vijavyo. Na ile jela ya Mansfield, ambayo ilikuwa imekusudiwa kubomolewa, ilinusurika. Wenyeji walianzisha chama cha kuihifadhi, na wageni kwa maelfu wakaja kulipa kiingilio ili wavione vyumba ambamo watu walikuwa wakifungwa bila hiari.

Walakini mtu asichukue kisa hiki kuwa dawa ya kila filamu iliyoanguka. Maduka ya kanda yalijaa filamu nyingine nyingi zilizoanguka mlangoni zikaanguka na nyumbani pia, na nyingi zilistahili. Tena mlango huo wa pili wenyewe umekwisha kusogezwa. Kampuni ya Blockbuster, iliyokuwa kubwa kuliko zote katika kukodisha kanda, ilitangaza kufilisika mwaka 2010. Rafu ambayo mtu aliiparuza kwa kidole akitafuta kitu cha kumpitishia Jumamosi haipo tena katika miji mingi. Siku hizi filamu hufika nyumbani kwa intaneti, na ipi iwekwe mbele ya macho ya mtazamaji huamuliwa na mashine inayokumbuka alichokitazama jana. Kama mashine hiyo ingaliisukuma mbele filamu ndefu ya jela yenye jina gumu na mapato haba, mimi nina shaka.

Liko na fungu jingine ambalo halimo katika daftari la mtu. Katika Afrika ya Mashariki, kwa miaka mingi, filamu za kigeni zilitazamwa zaidi katika vibanda vya video kuliko katika majumba ya sinema: mabati na mbao, mabenchi, televisheni moja juu ya meza, na kanda au diski ambayo mara nyingi ilikuwa imenakiliwa bila idhini ya mwenyewe. Ni kosa kwa sheria, na waliotengeneza filamu hizo hawakupata hata senti. Lakini watazamaji walikuwa watu, na macho yao yalikuwa macho.

Niliwauliza wenzangu katika chumba cha walimu ni nani kati yao ameiona The Shawshank Redemption. Wanne walikuwa wameiona, na watatu kati yao waliiona nyumbani, katika diski ya kuazima. Wa nne, mwalimu wa hisabati, mkubwa wangu kwa umri, aliiona angali mwanafunzi, katika kibanda kilichokuwa kando ya soko la mji wao. Alilipa shilingi kumi kwa kijana aliyekaa mlangoni na mkebe wa kutilia fedha. Umeme ulikatika Andy alipokuwa ameketi na Red uani mwa jela, akimpa maagizo ya kwenda kutafuta jiwe jeusi chini ya mti. Jenereta haikuwako. Walingoja saa nzima gizani, kisha wakaambiwa waende zao, na shilingi kumi hazikurudishwa. Ilimchukua miaka kumi na mmoja kuujua mwisho. Katika miaka hiyo, aliniambia, aliutunga mwenyewe mara nyingi akiwa njiani kwenda shuleni, na mwisho mmoja kati ya hiyo aliyoitunga anaupenda mpaka leo kuliko ule wa filamu.